Kamba Inayosema Upande Mmoja

Ndugu wawili wachimba visima walikuwa hawajasemezana kwa siku kumi, na bado kila asubuhi mmoja alimshusha mwenzake shimoni kwa kamba.

Mkubwa aliitwa Futi, kwa sababu bei zake zote zilikuwa za futi. Watu walisema ukimuuliza binti zake wana umri gani, atatafuta kamba awapime kwanza. Yeye ndiye aliyechimba. Mdogo wake alikaa juu, akavuta ndoo na kumwaga udongo. Kazi iliweza kwenda bila maneno kwa kuwa kamba ilikuwa na maneno yake. Futi akiivuta mara moja kutoka chini, ndoo imejaa, pandisha. Akiivuta mara mbili, shusha. Akiivuta mara tatu, nitoe mimi. Walikuwa wameyatumia hayo miaka kumi na miwili, na hayakuhitaji kupendana.

Kilichowanyamazisha kilichukua dakika mbili. Siku ya kupatana bei, mwenye kiwanja, mwalimu mstaafu aliyening'iniza miwani shingoni, alitaka kujua kama kisima kitahitaji ringi za zege za kushikilia kuta. Ringi ni ghali. Wachimbaji wengine walikuwa wameshataja bei yenye ringi, na Futi aliitaka kazi ile.

"Udongo huu umeshikana, mwalimu," alisema. "Tutajengea mwishoni, maji yakishapatikana."

"Kaka," mdogo wake akaingilia, "hapa tukifika futi ishirini itabidi ringi."

Mwalimu akafunga mkoba wake. "Basi pataneni kwanza ninyi wenyewe. Mkimaliza mniite."

Waashi waliokuwa wakijenga kiwanja cha jirani waliacha kazi wakatazama. Futi alicheka kwa nguvu. "Mwalimu, huyu usimsikilize. Huyu nimemwajiri mikono. Mdomo amekuja nao mwenyewe."

Waashi wakaangua kicheko. Mmoja akauliza mdomo ule unakula kiasi gani kwa siku. Mdogo naye alicheka, maana mtu akichekwa mbele ya watu hana pa kuuweka uso wake. Jioni alimwambia shemeji yake, mke wa Futi, "Mikono ataipata. Mdomo nimeuweka kabatini." Na hakuwa akitania.

*

Walipanga vyumba viwili katika nyumba yenye ukumbi mrefu. Cha nyuma, karibu na ua, alikaa Futi na mkewe na binti zao wawili. Cha mbele, upande wa barabara, mdogo alilala pamoja na sururu, koleo na mizunguko ya kamba. Katikati kulikuwa na milango ya wapangaji wengine na redio zao. Mke wa Futi ndiye aliyetembea ukumbi ule, akipokea maneno upande huu na kuyapeleka upande ule.

Neno halikupita kwake kama lilivyokuja.

"Shemeji, mwambie mumeo sabuni ya kufulia imekwisha. Nguo zangu za kazi sasa zinasimama zenyewe."

Akaenda nyuma. "Baba watoto, mdogo wako anaomba sabuni."

"Mwambie sabuni inanunuliwa na watu wanaojua kupatana bei."

Akarudi mbele. "Amesema kesho ataleta."

Kesho yake alipunguza hela ya matumizi akanunua sabuni mwenyewe, ili alichosema kiwe kweli. Hakuna aliyejua. Kwa siku kumi alikuwa akiyasugua maneno ya wanaume wawili kama masufuria, na aliamini kwamba asingefanya hivyo ngumi zingerushwa ndani ya nyumba ile. Labda ni kweli. Kazi hiyo hakuiomba. Waliiacha mlangoni kwake, kila mmoja akaenda zake.

Siku ya kumi, saa kumi na moja jioni, mdogo alifika wa kwanza. Hakuvua viatu.

"Shemeji, njoo. Sikiliza vizuri."

"Nasikiliza. Kaa basi."

"Sikai. Yule mwalimu leo ameshusha lori zima la matofali, hatua tatu kutoka ukingo wa shimo. Nyuma ya matofali kuna ufa. Umepinda hivi, kama ukucha. Nimeingiza kidole kimezama chote. Nimechomeka kijiti nione kama unapanuka. Mwambie mumeo kesho asishuke. Asishuke mpaka matofali yahamishwe na tuweke magogo ya kuzuia ukuta."

"Mbona usimwambie mwenyewe? Hili si la sabuni, shemeji."

"Alisema nini mbele ya waashi?"

"Jamani, siku kumi!"

"Alisema nini?"

Mwanamke aligeuka akatazama ukumbi.

"Basi. Mwambie wewe. Neno kwa neno."

"Nitamwambia."

Futi aliingia kwa mlango wa uani nusu saa baadaye, amekunja uso. Mwalimu alikuwa amemsimamisha langoni mwa kiwanja. Alimpa mpaka Jumamosi. Maji yasipoonekana, analeta watu wa mashine. Na mpaka siku hiyo Futi hakuwa amepokea chochote, kwa kuwa hata hizo futi zingelipwa maji yakionekana tu: waliandikiana maji, hawakuandikiana shimo.

"Ananisemesha kama mtoto wa darasa la tatu," alisema huku akitupa shati juu ya kamba ya nguo. "Ananinyooshea kidole kama ameshika chaki. Futi thelathini nimechimba! Nimwoneshe nini tena, moyo wangu?"

Mkewe alimletea maji ya kunawa, akasimama na kitambaa mkononi. Alikuwa akiyapima maneno aliyopewa. "Asishuke" lilikuwa amri. Amri ya mdogo kwa mkubwa, na jioni kama hii. Aliisikia sauti ya mumewe kabla haijatoka, akasikia na kiti kikianguka. Akalitoa neno hilo, akaliweka pembeni. Halafu akafika kwenye ufa. Kutaja ufa ni kutaja ringi, na ringi ndizo zilizoleta ugomvi wote. Akautoa na ufa. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na hakikuweza kumuudhi mtu.

"Baba watoto. Mdogo wako anaona kesho mngepumzika."

"Anaona nini?"

"Mmechoka. Siku kumi mfululizo bila kupumua. Na yale matofali, anasema yangesogezwa kidogo."

"Ili apate pa kunyoosha miguu?" Futi alifuta uso kwa nguvu. "Mimi ndiye nakaa kwenye tope. Yeye yuko juu anapigwa upepo kama bendera. Halafu yeye ndiye amechoka! Mwambie anayetaka kupumzika akapumzike kwa mkewe, akishampata."

Mkewe alitembea ukumbi ule, redio moja, redio ya pili, akasimama mlango wa mbele.

"Nimemwambia, shemeji. Amesikia. Amesema ataangalia."

"Amesema ataangalia?"

"Ndiyo."

Mdogo akashusha pumzi ndefu. Akaketi, akavua viatu.

*

Asubuhi mdogo alitangulia kazini akaenda moja kwa moja nyuma ya matofali. Kijiti kilikuwa bado kimesimama, ila kimeinama. Hakuondoka hapo. Alikaa kusudi, ili kaka yake akifika amkute mahali penyewe, aone kwa macho yake, na pasiwe na haja ya mtu kuanza kusema.

Futi alifika akamkuta amesimama mikono kiunoni, anatazama chini. Hakumsemesha. Alisemesha hewa.

"Kuna watu wanakuja kazini kupumzika siku hizi."

Akavua shati, akavaa kofia yake ya pikipiki iliyopasuka kioo, akashika kamba. Hakutupa jicho kwenye matofali hata mara moja.

Mdogo hakuelewa habari ya kupumzika imetoka wapi. Alielewa jambo jingine. Ameambiwa, amesikia, akaahidi kuangalia, na sasa hata shingo hageuzi. Maana yake neno langu ni takataka, hata likipita kwa mkewe. Asubuhi hiyo alikuwa amekuja na hofu. Hasira ikaiambia hofu isogee, ikakaa yenyewe. Haya, alisema moyoni. Shuka. Wewe si ndiye fundi?

Akamshusha.

Kufika saa tatu na nusu ndoo zilianza kuja na udongo wenye unyevu. Saa nne ulikuwa tope la kijivu, zito, linalovutika. Kule chini, futi thelathini na tatu, Futi aliona maji yakijaa polepole kwenye alama ya kisigino chake. Akacheka peke yake. Alimfikiria mwalimu na kidole chake. Akachimba kwa haraka kuliko alivyowahi kuchimba mwezi huo, ndoo juu ya ndoo, na hakuinua macho.

Ndoo ya tisa ilipokuwa imemwagwa na kushushwa tena, mdogo aligeuka akatazama nyuma ya matofali. Kijiti hakikuwepo. Pale kilipokuwa pangeweza kuingia mkono.

Akaishika kamba akaivuta mara tatu.

Lakini kamba haikuwa na neno la kutoka juu. Kwa miaka yote hiyo hawakuliweka, kwa kuwa aliyekaa juu alikuwa na mdomo, na mdomo ulitosha. Chini Futi aliona ndoo inaruka-ruka mbele ya uso wake. Mara tatu ni kutoka. Yaani mvivu huyu ananiambia nitoke, maji yako miguuni mwangu! Akaikamata kamba akaivuta mara moja, kwa hasira, mpaka kapi la juu ya shimo likalia. Ndoo ilikuwa nusu tupu.

Mdogo alifungua mdomo ukawa mkavu. Siku kumi na moja. Kipande cha udongo kama mkate kilibanduka ukingoni kikaanguka.

"Kaka! Toka! Panda kwenye ndoo!"

Futi aliinua uso. Juu aliona duara la mwanga na kichwa cheusi katikati yake.

"Ahaa! Leo mdomo umerudi?" alipaza sauti kutoka chini. "Umerudi siku ya maji! Nenda kalale, nitawaita waashi wanivute!"

Kuingiza mguu kwenye ndoo na kushika kamba ni kazi ya pumzi mbili. Maneno hayo yalichukua zaidi ya hapo. Alikuwa bado anacheka ukuta wa upande wa matofali ulipoachia.

*

Waashi waliruka ukuta. Wa kwanza kufika ndiye aliyeuliza mdomo unakula kiasi gani. Waliyahamisha matofali kwanza ili yasivute ardhi nyingine, watu tisa wakirushiana mkono kwa mkono, na lori zima liliisha kwa robo saa.

Mdogo alishuka. Waashi hawakujua lugha ya kamba, hivyo kila kitu alikitamka kwa sauti: shusha, simama, legeza, vuta. Alimkuta kaka yake amefukiwa mpaka kwapani, matofali matatu yakiwa yamebana mahali fulani chini, uso umekuwa wa kijivu kama tope lenyewe. Kofia ilikuwa imemwokoa kichwa.

"Mguu siusikii," alisema Futi.

"Nyamaza, nakufukua."

"Usiniambie ninyamaze. Ongea. Nikifumba macho sitafumbua."

"Niongee nini?"

"Chochote. Nitukane."

Mdogo alichimba kwa koleo fupi, kisha kwa mikono, na alitukana. "Wewe ni mtu wa ovyo. Unakoroma kama jenereta, wapangaji wanadhani umeme umekatika."

"Endelea."

"Ukiwa umekosea unacheka ili watu wasikuulize. Mbele ya watu ulinivua nguo. Miaka kumi na miwili navuta ndoo zako, uhai wako uko mikononi mwangu kila siku, ukasema mdomo nimekuja nao mwenyewe."

"Nilisema."

"Ulisema! Halafu ukaniletea sabuni ile mbaya, mikono yote imewasha."

Futi alifumbua macho. "Sabuni gani?"

"Ya kufulia. Uliyoleta."

"Mimi sijaleta sabuni."

Mikono ya mdogo ilisimama juu ya udongo. Walitazamana, nyuso zao zikiwa karibu kuliko siku zote kumi na moja.

"Chimba," alisema Futi. "Chimba kwanza."

Ilichukua saa mbili na nusu.

*

Siku ya tatu hospitalini, daktari akiwa ameshafanya alilolazimika kufanya, Futi alimwita mdogo wake asogee kitandani. Mkewe alikuwa upande wa miguu, akikunja shuka ambalo lilikuwa tayari limekunjwa.

"Ule ufa uliuona lini?"

"Jioni ya kabla yake. Nilimtuma shemeji aje akwambie usishuke. Ukajibu utaangalia."

"Mimi nilijibu hivyo?"

Wote wawili waligeuka wakamtazama mwanamke. Aliliweka shuka chini.

"Nilikwambia mpumzike," alisema. "Nilikwambia na matofali yasogezwe."

"Ufa ulinitajia?"

"Ungekasirika."

"Ufa ulinitajia, mama watoto?"

"Sikuutaja."

"Na kuangalia? Nilisema nitaangalia?"

"Ulimtukana. Sasa ningempelekea matusi?" Sauti yake ilipanda, mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Mngepigana! Niliyajua hayo kama ninavyowajua ninyi. Mngepigana, na watoto wako pale wanatazama."

"Tungepigana," alisema Futi taratibu. Alikuwa akitazama mahali shuka lilipolala tambarare juu ya godoro. "Kweli. Ningempiga, angenipiga. Leo ningekuwa na pengo la jino."

"Sawa. Niseme mimi ndiye niliyekufukia?"

"Sijasema hivyo."

"Sema tu, maana macho yenu yameshasema. Lakini niwaulize na mimi." Alimgeukia shemeji yake. "Uliona ufa kwa macho yako. Uliingiza kidole chako. Ukaja nyumbani, kaka yako akawa upande wa pili wa ukumbi, hatua ishirini. Ishirini! Hujui kutembea?"

Mdogo alitazama sakafu.

"Na wewe," akamgeukia mumewe. "Ulimkuta amesimama nyuma ya matofali. Hukujiuliza anatazama nini? Mnanituma kama bahasha, kisha mnashangaa nimefunguliwa."

Futi alijaribu kujigeuza, akashindwa, mdogo wake akamshika bega akamsaidia. Muuguzi aliingia na sinia lake la dawa, akauliza nani kati yao anabaki na mgonjwa usiku. Hakuna aliyemjibu mara moja. Alirudia swali kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hawakusikia.

"Mimi," alisema mke.

*

Gharama yake ilikuwa hii.

Mguu wa kulia, uliokatwa juu ya goti. Siku arobaini na moja hospitalini, na kumi na tisa kati ya hizo mke alilala sakafuni. Futi thelathini na tatu za shimo, ambazo hazikulipwa kwa sababu mkataba ulisema maji, na ambazo mwalimu aliwalipa watu wengine kuzifukia kwa siku mbili. Kapi, kamba, sururu mbili na koleo zote viliuzwa kwa wale wachimbaji waliokuwa wametaja bei yenye ringi. Mdogo alikwenda pamoja na vifaa, akawa kibarua wao wa kuvuta ndoo. Chumba cha mbele kilirudishwa kwa mwenye nyumba. Binti mkubwa alikosa muhula mzima wa shule, na aliporudi alianza tena darasa alilokuwa ameshalimaliza nusu.

Na mke wa Futi, kila alipomletea mumewe habari yoyote, hata kwamba maji ya kuoga yako tayari, aliulizwa kwanza kama ndivyo ilivyo au kuna kitu amepunguza. Aliulizwa mara nne, mara tano kwa siku. Alijibu kila mara.